Motokari Mpya Yenye Ubovu Usiokwisha

Wahenga walisema, kipya kinyemi kingawa kidonda. Lakini mtu aliyenunua motokari mpya, nayo kila mwezi yarudi kwa fundi kwa ubovu ule ule, unyemi wake umekwisha, limebaki deni. Huko Marekani, jimbo la Connecticut lilitunga sheria mwaka 1982: ubovu mkubwa ukitengenezwa mara 4 bila kupona, au motokari ikikaa kwa fundi siku 30, mwenye kiwanda atoe nyingine au arudishe fedha. Twaona ni haki. Lakini nani atazihesabu mara hizo pasipo karatasi? Sisi makarani twaandika mambo ya watu wote. Basi tusisahau yetu. Kila matengenezo, ndugu, tudai hati yenye tarehe, ubovu na sahihi.