Nani Kasuku?

Kuna mwalimu aliwahi kuniambia kwamba anayepiga kinanda bila kusoma noti ni kasuku. Miaka imepita, bado niko na ubishi naye.

Chukua Interstellar, filamu ya 2014. Muziki ni wa Hans Zimmer, na kile kinanda kikubwa cha mabomba kilipigwa na Roger Sayer ndani ya Temple Church, London. Mimi nilitaka "Cornfield Chase". Ningefuata zile video za taa zinazoangukia kibodi, nimalize jioni moja. Vidole vingejua, mimi nisijue kitu. Huyo sasa ndiye kasuku.

Nikashika simu na kibodi ya kuazima. Sekunde nne, rudisha. Sekunde nne, rudisha. Besi kwanza: inapanda fa, so, la, basi, na hesabu ni ya tatu tatu. Siku ya tatu ndio nikashtuka: kinachonikaba koo ni noti moja huko juu inayogoma kuhama huku besi ikitembea chini yake. Karatasi ingenionyesha, sawa, lakini ningeipita mbio. Nikaiandika kwa solfa, ile ile ya kwaya zetu.

Sina vita na noti. Nina vita na kuwaambia vijana wa kanisani, wanaodaka kii ya mwimbaji kabla amalize mstari wa kwanza, eti hawajui muziki. Zimmer mwenyewe husema alifunzwa piano wiki mbili tu. Mwalimu, naye mwite kasuku basi.