Nilinyoosha mkono

Leo ni Dominika ya tano ya Kwaresima, nami nina jambo la kuungama mbele yako.

Majuzi vijana wa VIWAWA katika kigango kimoja hapa Biharamulo walinialika kutazama igizo lao baada ya Misa. Hakukuwa na jukwaa. Tulikaa kwenye mabenchi chini ya mwembe, na waigizaji walikuwa wameketi katikati yetu bila sisi kujua. Kijana mmoja akasimama, akajitambulisha kuwa mwenyekiti wa kitongoji, akatangaza kwamba sisi sote ndio mkutano wa hadhara na tuna kesi ya kuamua.

Mshtakiwa alikuwa mjane mwenye kibanja kizuri cha migomba. Wazee wawili wenye makoti, wanaoongea taratibu, walieleza kwamba walimwona usiku akifukia kitu chini ya mti shambani kwa jirani. Siku ya tatu mtoto wa jirani akafa. Mjane alipopewa nafasi ya kujitetea alilia tu, akasema Mungu anajua. Mwenyekiti akauliza: anayeona mama huyu ni mchawi na afukuzwe kijijini, anyooshe mkono.

Nilinyoosha. Nilijua ni igizo, na nilikuwa nacheka kidogo kama wenzangu. Lakini nikijihoji leo, ukweli ni kwamba niliwaamini wale wazee. Walifanana na wazee wa halmashauri ya parokia yangu.

Ndipo msichana mmoja, wa umri wa kidato cha pili hivi, akaomba wazee watenganishwe. Akamuuliza kila mmoja peke yake: ulikuwa mti gani? Wa kwanza akasema mparachichi. Wa pili akasema mfenesi. Hapo nikashtuka: huyu ni Susana, wa sura ya 13 ya kitabu cha Danieli! Vijana walikuwa wamebadili shtaka tu. Uzinzi ukawa uchawi, na tamaa ya mwili ikawa tamaa ya kibanja. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1560, inataka mashahidi wahojiwe mmoja mmoja. Mimi niliisoma seminarini, lakini aliyeikumbuka ni yule msichana, ambaye sidhani kama amewahi kuisikia.

Somo la Susana linasomwa kesho Jumatatu. Lipo refu na lipo fupi, na mapadri tunapenda lile fupi, kwa kuwa lile refu lina aya zaidi ya 50. Lile fupi linaanza pale pale mkutano unapowaamini wazee na kumhukumu mwanamke afe. Nimelisoma hivyo miaka mingi, nikianzia kwenye hukumu, wala halikunisumbua.

Huko London, mwaka 2017, tamthilia ya Agatha Christie kuhusu kesi ya mauaji ilianza kuchezwa katika ukumbi wa zamani wa baraza la jiji, County Hall. Baadhi ya watazamaji hukaa kwenye viti vya baraza la mahakama na kutoa uamuzi wao, kisha wanarudi nyumbani. Huku Kanda ya Ziwa mkutano wa namna hiyo haukatiwi tiketi. Vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao ni mekundu, na wekundu huo umetokana na miaka hamsini ya moshi wa kuni. Mwenye panga ni mmoja au wawili, lakini kabla yake alikuwepo mpiga ramli, na baada ya mpiga ramli walikuwepo majirani waliosema, "Hata mimi nilikuwa namshuku."

Jumapili ijayo ni ya Matawi. Utakumbuka kwamba Mateso ya Bwana husomwa kwa kugawana sehemu, na ninyi waumini mnapewa sauti ya umati mbele ya Pilato. Huwa mnaitamka vizuri, kwa pamoja.

Igizo lilipokwisha, bibi mmoja mwenye fimbo alinisogelea.

"Shikamoo, Padri. Niliuona mkono wako."

Nikamwambia lilikuwa igizo tu, bibi.

"Najua. Mimi nilikuwa nahesabu."

Katekista aliniambia baadaye kwamba bibi huyo anaishi peke yake. Jumanne nitakwenda kumtembelea. Kesho nitasoma somo refu.