Mpiga video, gharama ya diski iingie kwenye bei

Biashara ya kupiga video za harusi, sendofu na kipaimara imeajiri vijana wengi, lakini wengi wao hupanga bei kwa kuangalia kamera na nauli tu. Mahali pa kuhifadhia kazi hawapahesabu.

Enzi za kanda jambo hili halikuumiza kichwa, kwani kanda ilibaki kabatini hata baada ya kuhaririwa. Kadi ya kumbukumbu haibaki. Jumamosi inayofuata inafutwa ili irekodi harusi nyingine. Kompyuta ikifa katikati ya wiki, bibi harusi harudii kuvaa shela.

Hesabu si ngumu. Kamera inayorekodi kwa megabiti 100 kwa sekunde, kama nyingi za 4K, hujaza gigabaiti 45 kwa saa. Harusi ya saa sita ni gigabaiti 270, hivyo diski ya terabaiti moja inameza harusi tatu tu. Na nakala zinatakiwa mbili, katika diski mbili, moja ikae mbali na studio. Mkulima asiyeweka mbegu zote ghala moja anaelewa sababu.

Mwenye mtaji mdogo tunamshauri anunue diski ya pili kabla ya kubadili kompyuta. Kompyuta ya polepole ina dawa: programu nyingi za kuhariri hutengeneza nakala nyepesi za kufanyia kazi, kisha hurudia faili halisi mwishoni.

Mkataba nao useme faili zitatunzwa kwa muda gani. Miezi mitatu baada ya makabidhiano inatosha. Anayetaka zaidi alipie.