Kasongo na Kabambare: Robine inavuja, lawama kwa wakimbizi

Kila mara robine ya kartie inapoanza kuvuja, iwe Kasongo, iwe Kabambare, wako watu wenye jibu tayari: «Ni wakimbizi wa ndani ndio wameiharibu.» Eti wamekuja na mabidoni mengi, na watoto wao wanachezea maji. Maneno hayo ni ya uvivu, tena yanaumiza watu ambao tayari wameacha nyumba na mashamba kwa sababu ya vita.

Robine haiulizi mtu ametoka kijiji gani. Ndani yake mna kampira kadogo, ndiko kanazuia maji. Kila mara mtu anapofunga, kanalika kidogo. Kakiisha, maji yanachuruzika, watu wanakaza kwa nguvu, na nguvu hiyo inaharibu hata chuma. Huko Ulaya robine ya nje inaweza kupasuka kwa sababu maji yanaganda barafu ndani yake. Kasongo barafu itoke wapi? Hapa kisa ni kale kampira, na dawa yake ni fundi mwenye ufunguo: afunge maji, afungue kichwa cha robine, atoe kabovu, atie kapya. Kama chuma kimeshachimbika, robine ibadilishwe. Kukata kipande cha mpira wa ndani wa kinga kunasaidia siku chache tu.

Ni kweli, familia zikipokea wageni, robine moja inafanya kazi ya mbili. Kanuni za Sphere, zinazofuatwa na mashirika ya misaada, zinasema watu wasizidi 250 kwa robine moja, na kila mtu apate angalau lita 15 kwa siku. Basi watu wakiongezeka, vinunuliwe vipuri zaidi. Kumfukuza mama na bidoni yake hakuzibi tundu.

Tone moja kila sekunde, kwa siku moja linapoteza lita kadhaa za maji. Maji hayo yanafanya dimbwi, bata wanaoga humo, halafu bidoni inawekwa humo humo. Na presha ikishuka, uchafu unaweza kufyonzwa ndani ya bomba lililotoboka. Maniema inaijua kolera.

Sasa pesa. Pale ambapo watu wanalipa kwa bidoni au kwa mwezi, wanalipia nini kama si kale kampira? Kamati inajibu: «Tunangoja shirika lililojenga.» Shirika lilijenga, likaenda zake. Sheria ya maji ya tarehe 31/12/2015 iliweka kazi ya maji mikononi mwa jimbo na serikali za chini yake, si mikononi mwa wafadhili.

Kamati isome daftari la pesa mbele ya watu wote, wenyeji na waliohama. Mama mmoja mkimbizi akae ndani ya kamati. Asiye na pesa asinyimwe maji. Na kabla ya kumtaja mkimbizi yeyote, mwenye kiti aonyeshe kwanza ufunguo wa robine na mipira ya akiba. Kama hana, aliyeharibu robine amekwisha kujulikana.