Diddy aliandikia jaji kurasa nne. Je, brathe yako akishikwa utaandika nini?

Oktoba 3, 2025, Diddy alisimama mbele ya Jaji Arun Subramanian pale New York akadungwa miezi 50 ndani na faini ya dola 500,000. Siku moja kabla ya hiyo, alikuwa amemwandikia huyo jaji barua ya kurasa nne. Mtandaoni watu walicheka, ati bazu mzima ameanza kuandika insha. Lakini mimi nilisoma hiyo story mara mbili, na si juu ya Diddy.

Kwanza tuangalie hesabu. Upande wa mashtaka ulitaka akae si chini ya miezi 135, hiyo ni miaka 11 na miezi 3. Mawakili wake waliomba 14 tu. Akapata 50. Hakuna mtu anaweza kuapa ati ni barua ilishusha hiyo namba. Jury ilikuwa ishamtoa kwa yale makosa makubwa mwezi wa saba, akabaki na mawili ya kusafirisha watu kwa ukahaba. Lakini cheki vile alijipanga kwa karatasi. Hakuandika ati ameonewa. Aliomba Cassie msamaha kwa ile kichapo ya hoteli yenye dunia nzima iliona, akakubali dawa zilimpoteza, akasema siku hizi hatumii kitu. Ndio baadaye akaleta story ya watoto wake saba na mathe yake mzee.

Halafu akajiharibia. Siku ya hukumu ikatoka kwamba ashapangiwa kuongea mbele ya watu Miami wiki iliyofuata. Sasa buda, unamwambia jaji umevunjika moyo, na huku kalenda yako imejaa? Waendesha mashtaka waliikamata hiyo kitu vizuri sana. Na Cassie pia alikuwa ameandika yake, akimwambia jaji bado anaogopa huyu mtu akitoka. Barua ya kulilia huruma haifiki mezani ikiwa peke yake. Iko na mwenzake.

Hapo ndipo Ashton Kutcher na Mila Kunis waliangukia 2023. Rafiki yao Danny Masterson alikuwa amepatikana na hatia ya kubaka wanawake wawili. Wakamwandikia jaji wakimsifu, Ashton akamwita mfano wa kuigwa. Masterson akapewa miaka 30 hadi maisha. Barua zikatoka nje, watu wakawaka, wawili hao wakaomba msamaha kwa video, na Ashton akajiuzulu kwa shirika lenye yeye mwenyewe alisaidia kuanzisha, na linapigana na unyanyasaji wa watoto. Kosa yao haikuwa kuandikia rafiki. Ni kuandika kama hao wanawake hawako.

Sasa rudi Nairobi. Wiki tatu zimepita tangu mathe mmoja wa ploti yetu anigongee mlango. Kijana wake amekubali kuiba simu, korti imesema ripoti ya probesheni iletwe kabla ya hukumu. "Wewe si ulienda kolegi, niandikie." Nilienda, sikumaliza, lakini hiyo si story ya leo. Nikakaa chini nikatoa Kiswahili ngumu yote nilikuwa nayo. Nikaandika kijana ni mtiifu, mcha Mungu, hajawahi kosea mtu yeyote.

Mathe akasoma akaniangalia. "Si amekubali aliiba?"

Nikararua. Juu ukiandika hajawahi kosea mtu na yeye mwenyewe amekubali kosa, umemwambia hakimu mambo mawili: either hujui kesi, ama unadanganya. Hiyo nyingine yote hataiamini.

Ya pili ilikuwa ukurasa mmoja. Juu kabisa nambari ya kesi na jina la korti, ndio isipotee kwa faili zingine. Inaanza "Mheshimiwa Hakimu", inasema mathe ni nani, kipande yake namba gani, amemlea huyo kijana miaka 20. Inasema wazi anajua aliiba simu na mwenye simu aliumia. Halafu vitu zenye mtu anaweza kwenda kuhakikisha: anaamka saa kumi usiku kubeba mboga soko gani, analipia dadake mdogo lunch ya shule, hii ndio kesi yake ya kwanza. Mwisho, akirudi nyumbani ataishi wapi na nani atamchunga. Mathe akataka tuongeze vile pressure inamsumbua. Tukaongeza sentensi moja, na karatasi ya kliniki nyuma.

Hiyo ya ataishi wapi ndio inabeba uzito, na wengi huiacha. Wizi wa kawaida kwa Penal Code ni hadi miaka 3, na kosa la kiwango hicho korti inaweza mpa mtu kazi ya jamii badala ya jela. Lakini hakimu atampa aje kazi ya jamii msee hana kwao? Tofautisha na wizi wa mabavu, hiyo ni mambo mengine kabisa, usidanganywe na jamaa wa mtaa ati barua ya chifu itamaliza.

Na usiipeleke kwa hakimu mkononi. Usitafute namba yake, usimtumie WhatsApp, usimpigie binamu yake wa kanisa. Akiipata kichinichini na upande ule mwingine haujaiona, haifai kutumika, na wewe unaanza kuonekana unatafuta kuhonga. Ipitie kwa wakili, kwa afisa wa probesheni, ama irekodiwe rejista ya korti. Mwenye simu pia ana haki ya kusema vile aliumia, sheria ya waathiriwa ya 2014 inampa hiyo nafasi. Kwa hivyo andika ukijua atakuwa kwa hiyo room.

Kuna barua ingine wasee wa ndani huandika wenyewe. Kifungu cha 333(2) cha sheria ya kesi za jinai kinasema muda umekaa rumande uhesabiwe kwa kifungo. Mara nyingine hauhesabiwi. Mfungwa anaandikia High Court kwa mkono, anataja kesi, tarehe alishikwa, tarehe alifungwa, anaomba hesabu irudiwe. Maneno machache. Majaji huzisoma na kuna watu wamepunguziwa miezi hivyo, bila wakili wala fasihi.

Hata Katiba yenyewe, kifungu cha 22, inasema haki yako ikikanyagwa korti inaweza pokea kesi kwa karatasi ya kawaida tu, na hakuna ada ya kuianzisha. Ile siku karao wamebeba mbogi yako kwa maandamano na hamna doo ya wakili, hiyo kitu kumbuka.

Afisa wa probesheni alikuja ploti Jumanne. Alienda sokoni akauliza kama kweli kijana hubeba mboga. Akauliza hadi kwa shule kuhusu ile lunch. Mathe aliniambia hakuuliza swali hata moja kuhusu mcha Mungu. Hukumu ni Alhamisi.