Simba naye apishwe barabarani

Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Likizo iliyopita tuliingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, sisi watu wa Mwanza tunaowaachia wageni wavuke bahari kuja kuona kilicho jirani yetu. Karibu na Seronera redio ya upepo ya dereva ikakoroma: simba jike na watoto watatu, chini ya mgunga. Tulipofika nilihesabu magari 19.

Mama yule alikuwa akihema kwa joto, nzi wamemjaa kwenye pembe za macho. Aliinuka mara mbili avuke barabara kwenda mtoni. Mara zote mbili gari likasogea mbele yake ili abiria wapate picha. Mara ya tatu hakujisumbua, akalala. Mtoto mmoja akajibanza chini ya Land Cruiser, kwenye kivuli cha tairi, na dereva wake akashindwa kuwasha injini nusu saa nzima. Kwa kweli nilifurahi.

Simba huweza kupumzika hadi saa 20 kwa siku. Anayetaka kumwona akitembea hana budi kusubiri. Wala siwalaumu madereva peke yao. Sisi abiria ndio tunaopiga kelele "sogea, kaka, sogea kidogo", tena kwa kuahidi bakshishi.

Madereva, mkikuta magari yamejaa, piteni, mrudi jioni. Na askari wa hifadhi wawepo pale mchana, maana mchana ule sikumwona hata mmoja.

Msomaji wako,
Mwanza