NANI ANALIPWA UA LINAPOUZWA?

Katika jumuiya zetu limezuka swali lisilofaa kupuuzwa: je, maua yaweza kuwa biashara ya kumtunza mtu hapa Ziba, katika nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, ambako mvua hukoma kabla ya Juni na hairudi hadi Novemba? Wako wanaocheka wakilisikia. Sisi hatucheki. Harusi hazipungui, misiba haipungui, Komunyo ya Kwanza na Kipaimara huja na kupita, na kila mara watu hutafuta maua. Wanapoyakosa hununua yale ya plastiki yaliyotengenezwa China, ambayo hukaa altareni mwaka mzima yakishika vumbi na kupoteza rangi. Soko, basi, liko. Linalotutia wasiwasi ni namna tutakavyolipana.

Ili tuelewe wasiwasi huo, tuitazame kwanza Naivasha, nchini Kenya, ambako biashara hii imekua kuliko mahali pengine popote katika Afrika Mashariki. Huko kuna ziwa la maji baridi, hewa ya nyanda za juu, na uwanja wa ndege wa Nairobi hauko mbali. Waridi lililokatwa shambani huwekwa katika chumba cha baridi, hupakiwa ndegeni usiku, na baada ya muda mfupi huwa limefika katika mnada mkubwa wa Aalsmeer, Uholanzi. Mnada huo huendeshwa kinyume na minada yetu ya ng'ombe. Kwetu bei huanza chini na kupanda; kule saa kubwa ya mnada huanza na bei ya juu na kushuka upesi, na mnunuzi wa kwanza kubonyeza kitufe ndiye anayechukua mzigo. Anayengoja sana hukosa, na anayeharakisha hulipa zaidi. Lakini muuzaji yuko mbali, na bidhaa yake haina subira. Mahindi yaweza kungoja ghalani hadi bei ipande, waridi haliwezi.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Biashara ambayo bidhaa yake haingoji hutafuta mtu wa kuibebea hasara, na mara nyingi mtu huyo ni yule mwenye mkono mtupu. Mwezi Aprili 2010 volkano ililipuka nchini Iceland, majivu yake yakafunga anga la Ulaya kwa siku kadhaa, na ndege hazikuruka. Maua ya Kenya yalitupwa kwa tani, mengine yakalishwa mifugo, na maelfu ya vibarua wakaambiwa wabaki nyumbani. Mwezi Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga masoko, mambo yakawa vivyo hivyo. Wala si majanga ya asili peke yake. Shamba moja kubwa la Naivasha, lililonunuliwa mwaka 2007 na kampuni ya Karuturi ya India, liliwekwa chini ya mfilisi mwaka 2014, na wafanyakazi wake waligoma wakidai ujira ambao haukuwa umelipwa. Waridi lao lilikuwa limekwisha kuuzwa, likanyauka katika vyombo vya watu wengine, na wao walikuwa bado wanadai.

Hatusemi haya ili kuilaani Naivasha. Mashamba yale yamewapa kazi watu wengi sana, wanawake wakiwa ndio walio wengi, na yako yaliyojiunga na utaratibu wa Fairtrade, ambao humtaka mnunuzi aongeze asilimia 10 juu ya bei, fedha hiyo iamuliwe matumizi yake na wafanyakazi wenyewe. Ni jambo jema.

Kuna ua lingine ambalo habari yake yatuhusu zaidi, kwa kuwa ni ua la mkulima mdogo: pareto. Maua yake hukaushwa na kutolewa dawa ya kuua wadudu, na hapa kwetu hulimwa katika nyanda za juu za kusini. Kwa miaka mingi Kenya ndiyo iliyoongoza duniani kwa zao hilo. Kisha bodi ya serikali iliyokuwa mnunuzi ikaanza kuchelewesha malipo, miezi ikawa miaka, na wakulima wakang'oa pareto wakapanda vitu vingine. Hapakuwa na volkano hapo, wala mgeni wa kulaumiwa. Mnunuzi alikuwa bodi ya nchi yao wenyewe, na zao lilianguka kwa sababu ya deni. Wakulima wa pamba na tumbaku wa mkoa wetu hawahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Sasa tujiulize: kijana au mama wa Ziba akilima bustani ya maua, mnunuzi wake mkubwa atakuwa nani? Kwa sehemu kubwa atakuwa ni sisi: parokia, vigango, kamati za harusi, familia zenye jubilei. Na sisi hulipaje? Tuseme ukweli bila kuoneana haya. Mpiga picha hulipwa kabla hajawasha kamera. Mwenye muziki hulipwa nusu kabla hajafunga spika. Mwenye maua huambiwa angoje hadi hesabu za kamati zifungwe. Na Kanisa lenyewe lina mazoea mabaya zaidi: humtuma mtoto kwa mama mwenye bustani aseme kwamba maua yanatakiwa kwa ajili ya Bwana, na jambo limekwisha. Mtu akitoa maua yake kwa hiari, hiyo ni sadaka, na Mungu ataipokea. Lakini tukiyaagiza, tukachagua rangi na kutaja saa ya kuletwa, hayo ni manunuzi, na yana bei. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, anawakemea vikali wanaozuia ujira wa waliovuna mashamba yao. Wala Papa Leo XIII, alipoandika Rerum Novarum mwaka 1891 juu ya ujira wa haki, hakuwapa maparoko msamaha wa pekee.

Mwenye bustani naye ana wajibu wake, kwanza wa kujua kalenda. Wakati wa Kwaresima altare haipambwi kwa maua, isipokuwa Jumapili ya nne, sherehe na sikukuu. Kisha Pasaka huyataka yote kwa siku moja. Maua ya zinia, ambayo huvumilia joto letu, huchanua baada ya siku 60 hadi 70. Toka Jumatano ya Majivu hadi Pasaka ni siku 46. Basi mbegu ya Pasaka yapaswa kuwa ardhini wiki tatu hivi kabla ya majivu. Zinia likatwe asubuhi na mapema, na kabla ya kulikata shina litikiswe: likilegea, bado ni changa na litainama chomboni; likisimama imara, liko tayari. Majani ya chini yaondolewe, na maji ya ndoo yawe safi.

Kuhusu maji, hatuna budi kuwa wakali. Kiangazi wanawake hupanga foleni kisimani kabla ya kupambazuka, na haifai ua linywe kabla ya mtoto. Bustani iwe ndogo, tuta lifunikwe kwa nyasi ili unyevu udumu, na maji yaliyosuuzia nguo yatumike. Vilevile, dawa iliyobaki kwenye pamba isinyunyiziwe maua yatakayochumwa kwa mikono mitupu na kushikwa na bibi harusi kifuani. Itumike dawa iliyosajiliwa kwa zao hilo, na anayeinyunyizia ajifunike.

Na akiajiri watu, wapatane kabla ya kazi. Wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19, waliobeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, walijadiliana ujira kabla ya kunyanyua mzigo, na posho isipotolewa walijua kuuweka chini. Wajukuu wao wasikubali ahadi ya "tutaona baada ya sikukuu".

Kwa hiyo twaziomba kamati tendaji za parokia na vigango zifanye mambo yaliyo ndani ya uwezo wake tangu sasa. Agizo la maua liandikwe, lionyeshe idadi na bei. Nusu ya fedha itolewe siku ya kuagiza, na nusu nyingine mkononi maua yanapopokelewa, kabla misa haijaanza. Na likihitajika shada kwa mazishi ya maskini asiye na ndugu, gharama yake itoke katika mfuko wa parokia, isiachwe juu ya mwenye bustani.